Tuzo ya Hakimi yarudisha jina la Bwanga: ukubwa wa mchezaji hupimwaje?

Achraf Hakimi wa Morocco alipotangazwa mchezaji bora wa Afrika mjini Rabat, tarehe 19 Novemba 2025, jina moja la zamani lilirudi kwenye habari: Bwanga Tshimen. Beki huyo wa TP Mazembe na timu ya taifa ya Zaire alipata Mpira wa Dhahabu wa Afrika mwaka 1973, enzi ambayo tuzo ilitolewa na gazeti la France Football. Kwa miaka 52 iliyofuata, hakuna beki mwingine aliyechaguliwa kuwa bora barani.

Je, Afrika haikuzaa mabeki hodari muda huo wote? Iliwazaa. Shida iko kwenye kipimo. Mabao ya mshambuliaji yanahesabika, lakini kazi ya beki ni kuzuia hatari, na bao lililozuiliwa haliandikwi popote. Makipa nao wamepata kwa nadra: Thomas N'Kono wa Cameroon mwaka 1979 na 1982, kisha Badou Zaki wa Morocco mwaka 1986. Tangu CAF ianze kutoa tuzo yake mwaka 1992, hakuna kipa aliyeipata.

Tofauti ya nyakati inaleta ugumu mwingine. Samuel Eto'o anaongoza kwa mabao ya CAN akiwa na 18, aliyoyafunga katika mashindano sita. Ndaye Mulamba alifunga 9 katika mashindano mamoja, Misri 1974, kwa mechi sita tu, yakiwemo mabao yote manne ya Zaire katika fainali na marudio yake dhidi ya Zambia. Wakati huo CAN ilikuwa na timu 8. Leo ziko 24 na bingwa hucheza mechi saba, lakini hakuna aliyefikia 9.

Hata hivyo, tuzo ya Afrika ya 1974 haikwenda kwa Ndaye. Ilichukuliwa na Paul Moukila wa CARA Brazzaville, klabu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka huo. Ule Mpira wa Dhahabu wa Ulaya nao ulifungwa kwa Waafrika hadi 1995, na mwaka huo huo ulipofunguliwa, George Weah wa Liberia akaunyakua. Kwa hiyo, kukosekana kwa jina katika orodha hiyo hakuonyeshi kwamba kipaji kilikosekana.

Mfano mwingine ni Kombe la Dunia la 1974. Zaire ilifungwa mabao 14 katika mechi tatu, Bwanga akiwa beki. Anayetazama hesabu hiyo peke yake atamdharau, akisahau kwamba miezi mitatu kabla, timu hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa Afrika.

Kipimo cha haki ni kumlinganisha mchezaji na wenzake wa nafasi yake na wa miaka yake, kisha kuangalia aliwazidi kwa kiasi gani. Kwa Kongo, hilo linahitaji kumbukumbu. Ndaye alifariki Johannesburg mnamo Januari 2019, na waliomwona uwanjani wanazidi kupungua. Masimulizi yao yasipoandikwa sasa, kesho wazee wa 1974 watapimwa kwa mabao 14 ya Ujerumani peke yake.