Mfuko wa vifaranga hauji na samaki peke yake

Swali ninaloulizwa zaidi na wafugaji wa samaki hapa Dodoma siku hizi si la chakula wala la soko. Ni hili: "Afisa, kuna wadudu kwenye bwawa langu, nipige dawa gani?" Jibu langu linawaudhi wengi. Ni mdudu gani? Hapo simu inakuwa kimya.

Msimamo wangu ni kwamba asiyejua jina la mdudu, au angalau kazi yake, asifungue chupa ya dawa. Hizi dawa za bustani za jamii ya pareto zinaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Ukizimwaga bwawani utaua wadudu, kweli, na sato wako wataelea nao. Mtaji umekwenda.

Tuanze na walikotoka. Vifaranga vingi vinavyofika kwetu vimesafirishwa ndani ya mifuko ya naironi yenye oksijeni, vingine toka Morogoro, kama kilomita 260, vingine toka Mwanza. Kwenye maji yale wapo abiria ambao hukuwalipia nauli. Wengine wanaingia na maji ya mfereji au ya lambo, au wananing'inia kwenye wavu ulioazima kwa jirani. Wengine wanaruka wenyewe. Kereng'ende hahitaji mfuko, anakuja na mabawa yake na kutaga.

Watu wa Ulaya wanaofuga matumbawe kwenye matangi ya kioo ya maji chumvi wana shida hii hii. Jiwe la baharini linaingia na minyoo, kaa na konokono ambao hakuna aliyewaagiza. Wenye uzoefu hawakimbilii kuua, wanampiga picha mdudu na kuuliza kwanza, maana wengine ni wafagizi wazuri wa tangi. Sisi wenye sato wa biashara hatujafika hapo.

Kwa hiyo tafuta beseni jeupe. Mfuko ukifika, uache uelee bwawani dakika 15 hadi 30 joto lilingane, ongeza maji ya bwawa humo kidogo kidogo, kisha mimina vifaranga kwenye beseni na uwahamishe kwa kijavu. Maji ya safari yamwage shambani, mbali na bwawa. Sasa angalia kilichobaki.

Vidudu kama vumbi vinavyorukaruka majini ni chakula cha vifaranga, waache. Viminyoo vyekundu vya kwenye tope pia ni chakula. Viluwiluwi vya chura vinakula chakula unachonunua, ni kero zaidi kuliko hatari. Mtoto wa kereng'ende ndiye wa kuogopa: ana miguu sita, macho makubwa, na taya analolikunja chini ya kichwa na kulirusha kama mkono. Anakamata kifaranga kidogo bila shida. Mwenzake ni yule anayeogelea chali kama mtu aliyelala kwenye mtumbwi; huyo anachoma na kunyonya. Wote wawili wanawaweza samaki wadogo tu. Ndiyo maana nasema panda vifaranga mapema baada ya kujaza bwawa, wadudu hawa hawajakua, na nunua vifaranga vikubwa kidogo hata kama bei imepanda.

Ruba na chawa wa samaki wanashikilia mwilini. Chumvi ya kawaida, gramu 10 kwa lita moja ya maji, kwa dakika 10 huku ukiwa umesimama pale pale, inasaidia. Samaki akilala ubavu, mtoe.

Konokono nawaweka peke yao, kwa sababu hapa anayeumia ni wewe. Yule bapa, aliyejikunja kama mkanda, na yule mdogo ambaye ukimshika ncha juu mdomo unakutazama upande wa kushoto, washuku wote wawili: jamii hizo ndizo zinazobeba kichocho, wa kwanza cha tumbo, wa pili cha mkojo. Hawazaliwi na kichocho, wanakipata kwenye mkojo na kinyesi chetu. Jenga choo, ng'oa majani ya kingoni, na usiingie bwawani miguu mitupu.

Abiria ninayemhofia kuliko wote hafanani na mdudu. Ni samaki. Pamoja na sato, nchini kwetu amesambazwa perege mwingine, Oreochromis leucostictus, ambaye asili yake ni maziwa kama Albert na Edward. Anazaa akiwa mdogo na anadumaa, bwawa linajaa samaki wa kukaanga na dagaa. Sato ana mistari ya wima iliyopangika mkiani. Huyu hana mistari hiyo, na dume lake ni jeusi lenye madoa meupe. Wakiwa wadogo sana ni vigumu kuwatofautisha, hivyo chagua muuzaji anayekuonyesha wazazi. Anayekataa kukuonyesha, achana naye.

Kuna jambo ambalo vijana hamlipendi. Ukishagundua mchanganyiko, usimwage samaki mtoni eti unawaachia Mungu. Maji ya Hombolo ni ya Kinyasungwe, na Kinyasungwe inaishia Wami, ambako kuna perege wake wa asili, Oreochromis urolepis. Sato mwenyewe ni mgeni kule, na anazaliana na huyo wa asili hadi damu inachanganyika. Wale, kausha, uza kitoweo, lakini mtoni hapana.

Nchi hii inajua gharama ya abiria. Dumuzi mkubwa wa mahindi, yule tunayemwita Scania, kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Alianza kusumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo hakuna ghala hapa Kongwa lisilomjua.

Beseni linauzwa sokoni Majengo. Siku ya kupokea vifaranga nipigie mapema. Mwenye mdudu asiyemfahamu amweke kwenye chupa ya maji, akiwa hai, aniletee.