Nembo ya Taifa isomwe, isitazamwe tu

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona kila siku lakini hatulisomi. Nalo ni Nembo ya Taifa letu, ile ambayo wananchi tumezoea kuiita "Bibi na Bwana".

Nembo hiyo ipo kwenye pasipoti, kwenye noti, kwenye barua za serikali na kwenye vibao vya ofisi. Hata hivyo, katika miaka mingi niliyofundisha somo la uraia nimeona vibao ambavyo mchoraji ameuacha mkarafuu, vingine mkuki umekuwa fimbo, na kimoja, tena cha ofisi ya umma, shoka limegeuka nyundo. Siku hizi za kompyuta limezuka jingine. Picha huvutwa mpaka Bibi na Bwana wakawa wanene kupita kiasi, au hupinduliwa ikawa kama iliyo ndani ya kioo, Bwana akahamia upande wa Bibi. Watu wanapita, na hakuna anayeuliza.

Wapo watakaosema kuwa hili ni jambo dogo, wananchi wana shida za maji na barabara. Shida hizo ni kubwa, sibishi. Lakini nyundo na shoka si kitu kimoja. Jembe na nyundo ni alama ya Chama cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP. Jembe na shoka ni alama ya Taifa, na ni mali ya kila Mtanzania, awe na kadi ya chama hicho, ya chama kingine, au asiwe na kadi yoyote. Nchi yetu ni ya vyama vingi tangu mwaka 1992. Mchoraji anayeweka nyundo mahali pa shoka, hata kama hakukusudia, amekipa chama kimoja kilicho cha wote.

Kwa nini makosa haya yanatokea? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu tunaichukua nembo kuwa ni picha tu, na picha kila mtu huinakili kadiri ya jicho lake. Wenye desturi ya zamani ya nembo hawafanyi hivyo. Huko Ulaya, katika karne ya 12, wapiganaji wakubwa walianza kuchora alama kwenye ngao zao. Baadaye kofia za chuma zikaja kuwafunika uso mzima, na alama hizo zikazidi kuwa muhimu ili mtu ajulikane ni nani. Wapiga mbiu wa wafalme wakapewa kazi ya kuzijua na kuziandika, na mjini London chuo chao kipo tangu mwaka 1484. Jambo la kujifunza ni hili: wapiga mbiu hao hawakutunza michoro tu, bali walitunza maneno. Kila nembo ina sentensi yake, na mchoraji yeyote akipewa sentensi hiyo huichora sawasawa, hata kama hajapata kuiona.

Sentensi hizo zina kanuni zake, nazo si ngumu. Rangi zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni madini, yaani dhahabu na fedha, ambazo kwa brashi ni njano na nyeupe. Kundi la pili ni nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Dhahabu isiwekwe juu ya fedha, wala kijani juu ya nyeusi, maana kwa mbali havitaonekana vizuri. Mwananchi akitaka kuona kanuni hiyo ikifanya kazi, asiende Ulaya. Atazame bendera yetu. Mstari mweusi uliokwenda mshazari haugusani na kijani wala buluu, kwa kuwa mistari ya njano imekaa katikati. Bendera ya jirani zetu wa Kenya nayo ina mistari myeupe inayotenganisha nyeusi, nyekundu na kijani.

Kanuni nyingine ni ya kulia na kushoto. Pande hizo huhesabiwa kwa yule aliyeishika ngao akiwa nyuma yake, si kwa anayeitazama kwa mbele. Hapo lugha yetu inatusaidia ajabu. Wazee walisema mkono wa kuume na mkono wa kuke. Basi, kwa aliyeishika ngao ya Taifa letu, Bwana amesimama kuume na Bibi amesimama kuke. Mtoto akiambiwa hivyo mara moja hatasahau, na mwenye kompyuta akiipindua picha, mtoto huyo atamkosoa.

Nasikia wengine wakisema kuwa mambo haya hayana maneno kwa Kiswahili. Si kweli. Ngao ni neno letu, mkuki letu, na mwenge letu. Nembo lenyewe zamani lilikuwa jina la chale za mwilini, kama zile za Wamakonde, zilizomtambulisha mtu na watu wake. Ile haikuchorwa ovyo, maana haifutiki. Vilivyopishana, kilichosimama wima, milia ya mawimbi, utepe wa maandishi, yote hayo ni Kiswahili cha kila siku. Waingereza wenyewe hutaja rangi za nembo kwa maneno ya Kifaransa cha kale, na neno lao la buluu asili yake ni kwa Waajemi kupitia Waarabu. Kama wao walikopa bila kuona haya, sisi ambao maneno mengi tunayo nyumbani tunaogopa nini?

Kwa hiyo najaribu kuitunga sentensi ya nembo yetu, wenye ujuzi zaidi waisahihishe:

Ngao ya mpiganaji, yenye sehemu nne kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza dhahabu, ndani yake mwenge unaowaka. Ya pili bendera ya Jamhuri ya Muungano. Ya tatu nyekundu, ndani yake shoka na jembe vilivyopishana, na mkuki uliosimama wima kati yake. Ya nne milia ya mawimbi, buluu na nyeupe. Ngao imesimama juu ya mlima Kilimanjaro. Kuume Bwana na kuke Bibi, wameshika pembe za ndovu zilizoizunguka ngao. Miguuni pa Bwana mkarafuu, miguuni pa Bibi mpamba. Chini utepe wenye maneno UHURU NA UMOJA.

Aya moja fupi inatosha. Mchoraji wa vibao akiibandika ukutani kwake hatasahau mkarafuu tena. Na akiusahau asidhani ameacha jani tu. Mkarafuu ni Zanzibar na Pemba, na mpamba ni mashamba ya bara. Kuuacha mmoja ni kuchora Taifa ambalo Muungano wa mwaka 1964 haupo, huku utepe wa chini ukiendelea kusema Umoja.

Tena tukumbuke jinsi nembo yetu ilivyo na heshima yake ya pekee. Ngao ya Uingereza imeshikwa na simba na farasi mwenye pembe moja, mnyama ambaye hayupo duniani. Ya Kenya imeshikwa na simba wawili, na ya Uganda ina swala na korongo taji. Yetu imeshikwa na watu, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na zao lake miguuni. Aliyeichora hivyo alitaka kusema kuwa nchi hii inasimama kwa ushirikiano wa hao wawili. Kuwavuta na kuwapindua kwenye kompyuta ni kuwadharau.

Ndugu Mhariri, sheria ya alama za Taifa tunayo tangu mwaka 1971. Baraza la Kiswahili tunalo tangu mwaka 1967, na mwaka 2021 Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya sheria zetu. Maelezo tuliyozoea kukaririsha shuleni hueleza maana: mwenge ni uhuru na maarifa, mkuki ni ulinzi wa uhuru, shoka na jembe ni zana za kujenga nchi. Hayo ni mazuri, lakini kwa mchoraji hayatoshi, maana hayamwambii kipi kikae wapi. Naomba wahusika wakae na walimu, wachoraji na wataalamu wa lugha, watoe aya moja rasmi ya mpangilio, kisha ipelekwe mashuleni, kwenye viwanda vya uchapaji na kwa mafundi wa vibao. Gharama yake ni karatasi moja.

Nasi wananchi tusisubiri. Kesho ukifika ofisi yoyote, inua macho utazame kibao. Hesabu sehemu nne za ngao, mtafute Bwana kuume, angalia kama lile ni shoka au ni nyundo. Ukiona kosa, mwambie mwenye ofisi kwa adabu. Nembo hiyo ni yako kama ilivyo yake.

Mwalimu Mstaafu,
Morogoro.