Safari ya Viza: Nendeni Wawili

Mama msomaji, siku hizi si jambo geni kusikia kanisani tangazo la kumwombea mwalimu au daktari anayekwenda kusoma Uingereza. Washarika hupiga makofi, mchungaji huomba, na mke wake hupongezwa mlangoni. "Na wewe utamfuata lini?" wanamwuliza. Hujibu kwa kicheko, kwa kuwa mara nyingi hajui. Mumewe amemwambia, "Nitatangulia, utanifuata," naye amelipokea neno hilo kama lilivyo.

Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya safari ndogo inayotangulia ile kubwa, yaani safari ya kwenda Dar es Salaam kuomba viza. Akina baba wengi huiona kuwa ni kazi ya karatasi tu, na wake zao huwaachia. Lakini katika karatasi hizo ndimo kunamoamuliwa nani atalala nyumba moja na nani kwa miaka kadhaa.

Swali la kwanza liulizwe nyumbani, kabla ya kukata tiketi ya basi: baba anakwenda kusomea shahada gani? Kwa masomo yaliyoanza tarehe 1 Januari 2024 na baada yake, serikali ya Uingereza ilizifungia mlango familia za wanafunzi walio wengi. Anayekwenda kwa shahada ya uzamivu, au shahada nyingine ya juu ya utafiti, anaweza kuomba pamoja na mke na watoto. Vivyo hivyo anayefadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Lakini yule wa shahada ya uzamili ya kawaida, ya kukaa darasani mwaka mmoja, hawezi kumwombea mkewe kwa njia hiyo. Hatusemi kwamba baba amedanganya. Huenda naye alisikia habari za rafiki yake aliyekwenda na familia mwaka 2021. Hata hivyo, mwaka wa kutengana uliojulikana mapema na kuombewa ni tofauti kabisa na mwaka ambao mke anaugundua akiwa ameshaacha kazi.

Ikiwa njia ipo, sasa ije hesabu. Tangu Februari 2024 mwanafunzi na kila mmoja wa familia yake hutozwa pauni 776 kwa mwaka kwa ajili ya huduma za afya, mbali na ada ya viza yenyewe, nazo hulipwa zote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Baba, mama na watoto wawili kwa miaka mitatu ni pauni 9,312, na miezi ya ziada ikiongezwa zinapanda. Ufadhili mwingine humlipia mwanafunzi peke yake. Tena zipo fedha za kujikimu ambazo lazima zionekane benki kwa siku 28 mfululizo, kwa hiyo mkopo wa kukimbilia juma la mwisho hausaidii kitu.

Tunawafahamu mume na mke kutoka Mbeya waliokuja Dar es Salaam kupima kifua, wakawa wanamalizia fomu usiku katika nyumba ya wageni. Walipofika kwenye malipo ndipo walipoiona jumla. Baba alihesabu vichwa mara mbili. Kabla ya saa saba usiku ilikuwa imeamuliwa kwamba watoto watabaki kwa bibi yao, na mama akakubali, kwa sababu alikuwa amechoka na safari ya zaidi ya kilomita 800 na hakuona la kusema. Hatulaumu kumwachia bibi watoto. Wengi wetu tumelelewa na bibi na tukalelewa vizuri. Ila jambo kama hilo lilistahili kuzungumzwa nyumbani, bibi mwenyewe akiwapo, na pengine mtoto mkubwa naye akaelezwa, badala ya kuamuliwa juu ya godoro la kukodi.

Kuhusu kupima kifua: kila anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita kutoka Tanzania huhitaji cheti cha kutokuwa na kifua kikuu, nacho hutolewa na kliniki iliyoidhinishwa, iliyoko Dar es Salaam. Kipimo cha kawaida ni picha ya eksirei ya kifua. Mama mjamzito, usione haya kusema kwamba una mimba, hata kama bado haijaonekana na hujamwambia mama mkwe. Unaweza kuomba upimwe makohozi badala ya picha, au ukubali picha ukiwa umefunikwa kinga tumboni, au usubiri mpaka ujifungue. Makohozi huweza kuchukua hadi majuma manane kutoa jibu, basi tarehe zipangwe hivyo. Cheti hudumu miezi sita. Tunamkumbuka Mariamu, aliyesafiri na Yusufu kwenda kuandikishwa kwa amri ya Kaisari akiwa mjamzito. Naye hakuna aliyemwuliza kama tarehe inamfaa.

Majina nayo yana usumbufu wake, na ni usumbufu wa wanawake. Vyeti vya shule vina jina la baba yako, cheti cha ndoa kina majina mawili, pasipoti ina jina la mume. Vipange vyote mezani mapema uone kama vinamtaja mtu mmoja. Panapopishana, tafuta hati ya kiapo kwa mwanasheria. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili pekee kitafsiriwe na mtu anayeweza kuthibitisha tafsiri yake kwa jina, tarehe na sahihi.

Siku ya kwenda kituo cha kupokea maombi, kila mmoja huchukuliwa picha na alama za vidole. Watoto walio chini ya miaka mitano ni picha tu. Wanaopokea karatasi pale sio wanaoamua, hivyo hakuna haja ya kuwaeleza habari za maisha, wala kumpa chochote mtu wa nje anayejigamba kwamba ana ndugu ndani. Beba maji na biskuti za watoto. Fomu yako iwe umeisoma mwenyewe, maana ni ombi lako, lina jina lako, na maelezo yake ni yako.

Mke wa mwanafunzi wa uzamivu huruhusiwa kufanya kazi kule. Vyeti vyako vya taaluma vitoe nakala wakati huo huo, ingawa wauguzi wajue kwamba kule wana baraza lao la usajili, na leseni ya huku peke yake haitoshi.

Jibu kwa kawaida hupatikana ndani ya majuma matatu. Katika majuma hayo rudini kazini kama kawaida. Kitanda na jokofu msiviuze bado, na barua ya kuacha kazi ikae ndani ya kabati.