Filamu Iliyoko Mtandaoni Haijahifadhiwa

Mpenzi wa filamu akitamani sinema aipendayo itolewe upya kwenye diski, picha na sauti zikiwa zimesafishwa, na ndani ya kasha mkiwa na mahojiano na kijitabu cha maelezo, hakosi mtu wa kumkatisha: “Diski za nini zama hizi? Kila kitu kipo mtandaoni.” Maneno hayo yamezoeleka mpaka yanaonekana ukweli. Ni uongo, na hasara yake inatuelemea sisi Waafrika kuliko wengine.

Tuanze na huo mtandao wenyewe. Mei 12, 2023 kampuni ya Disney ilitoa filamu iitwayo Crater kwenye huduma yake ya Disney+. Juni 30 mwaka huohuo ikaiondoa. Wiki saba tu, na waliokuwa wakilipia kila mwezi hawakuulizwa. Baadaye ilirudi kwa mlango wa kununua na kukodi, lakini mwenye ufunguo wa mlango huo amekwisha kujulikana. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Hata filamu inayobaki, haibaki ilivyokuwa. Star Wars ya mwaka 1977 ilibadilishwa na mtengenezaji wake, George Lucas, mwaka 1997, akaongeza picha za kompyuta. Disney+ ilipoanza mwaka 2019, iliyowekwa ni hiyo iliyobadilishwa, tena ikiwa na badiliko jingine jipya. Anayetaka kuiona kama ilivyoonekana kumbini mwaka 1977 anahangaika na diski za zamani. Ikiwa filamu yenye mamilioni ya mashabiki na fedha zisizohesabika imetendewa hivyo, filamu ya Dakar au ya Dar es Salaam ina mtetezi gani?

Wanaodharau toleo maalumu wanaliona kasha tu. Hawaioni kazi iliyotangulia. Kwanza lazima mtu aitafute negativu, au nakala iliyo bora kuliko zote. Kisha haki za umiliki zifuatiliwe, mikwaruzo iondolewe, rangi zirekebishwe, na wahusika walio hai wahojiwe kabla hawajaondoka na kumbukumbu zao. Kazi hiyo ni ghali, na mara nyingi haifanywi mpaka awepo mtu anayesubiri kununua matokeo yake.

Mtazameni Ousmane Sembène, mwongozaji wa filamu wa Senegal. Filamu yake La Noire de... ya mwaka 1966 inamhusu Diouana, msichana wa Dakar anayechukuliwa kwenda Ufaransa kufanya kazi za ndani. Taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, iliitoa kwenye diski mwaka 2015, na kampuni ya Criterion ya Marekani ikaitoa mwaka 2017. Filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe, lakini kwenye diski hizo kimo kipande cha rangi ambacho hakimo katika filamu tuliyoizoea. Kwenye ile ya Criterion, Mbissine Thérèse Diop, aliyeigiza Diouana, anazungumza mwenyewe kuhusu kazi ile, nusu karne baada ya kupigwa picha. Naye Med Hondo wa Mauritania aliishuhudia Soleil Ô, filamu yake ya mwaka 1970, ikirejeshwa upya mwaka 2017. Alifariki mwaka 2019. Kazi hiyo ingecheleweshwa miaka miwili tu, asingeiona.

Sasa turudi nyumbani. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, Dar es Salaam ilisimama. Leo kijana akitaka kumtazama anaingia YouTube, na mara nyingi anachokuta ni filamu iliyotolewa kwenye CD ya dukani, nembo ya mtu asiyehusika imebandikwa pembeni, sauti inakwaruza, na sehemu ya pili haijulikani iliko. Hapo ndipo tunaambiwa filamu “ipo”. VCD, ile tuliyoiita CD ya muvi, ina mistari 288 tu ya picha. Kanda za kamera za video za miaka ile zilibeba mistari 576. Nusu ya mistari ilikwisha kuachwa kabla filamu haijafika soko la Kariakoo, na kilichopandishwa mtandaoni ni nakala ya hiyo nusu iliyobaki. Picha kamili imo kwenye kanda za mwanzo, nazo ni kanda za sumaku, zinazoliwa na joto na unyevu wa Pwani. Kila mwaka tunaojidanganya kwamba YouTube inatutunzia, zinazidi kuharibika.

Najua jibu linalofuata: makasha hayo ni anasa ya Wazungu. Bei kweli ni kubwa. Blu-ray moja ya Criterion imepangiwa dola 39.95. Tena diski za Blu-ray hugawiwa kwa maeneo ya dunia, na hiyo imefungiwa eneo A, wakati Afrika tumepangwa eneo B, kwa hiyo hata ndugu akikuletea moja kutoka Marekani, deki ya kawaida ya huku itaikataa. Lakini hoja hiyo inanithibitishia jambo langu. Sembène na Hondo wamerejeshwa kwa fedha na mitambo ya Ulaya na Marekani, na sisi tunawekewa kufuli. Dawa yake ni matoleo yetu wenyewe. Kunakili diski si gharama kubwa. Gharama iko kwenye uangalifu, na uangalifu hauhitaji kasha la dola arobaini. Unahitaji kanda ya mwanzo, maandishi ya tafsiri yasiyo na makosa, na saa moja ya kumhoji mwongozaji, mpiga picha na waigizaji.

Sheria inamtaka mchapishaji wa kitabu apeleke nakala Maktaba ya Taifa. Filamu nayo ipewe heshima hiyo: nakala bora kabisa, si CD ya dukani. Watayarishaji wafungue makabati yao leo. Wasambazaji waliojenga majina yao kwa filamu za Kanumba waanze na hizo, waziuze kwa bei ambayo mwalimu wa sekondari anaimudu.

Anayeomba toleo la heshima la filamu yake anaomba kazi hiyo ifanywe kabla walioitengeneza hawajafa na kanda hazijaoza. Acheni kumkatisha. Mwungeni mkono, na toleo likitoka, linunueni.