Fizikia ya Chepkoilel ishuke hadi barazani

Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tena 15 au 16 Julai, jua hupita juu kabisa ya Alkaaba. Mwezi Mei huwa saa 6.18 mchana kwa saa zetu. Dakika hiyo, mtu wa Mombasa akisimamisha fimbo juani, kivuli huangukia kusini, na kibla ni upande wa pili wake. Hapana haja ya dira.

Hiyo ni fizikia, somo ambalo vijana wengi huliacha wapewapo hiari. Nani atakayelileta barazani? Mimi nawataja wanafunzi wa Chepkoilel, kule Eldoret. Mahali hapo palikuwa chuo cha walimu wa sayansi kabla ya kutwaliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1990, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Eldoret.

Kijana wa Pwani asomaye huko hujionea mengi. Yuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka yapata digrii 93 badala ya 100. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva, hata mpishi awe hodari vipi. Basi na amweleze nyanyake jambo hili kwa Kiswahili! Mtihani waweza kupitwa kwa kanuni zilizokaririwa, bibi anayeuliza "kwa nini?" mara ya tatu hapitwi hivyo.

Husemwa kwamba mwanafunzi ajitoleaye huwasaidia watu. Naona yeye ndiye achukuaye fungu kubwa. Amesomeshwa kwa Kiingereza, na hapa ndipo ajuapo kama amefahamu au amehifadhi tu. Hujizoeza pia kusema mbele za watu, jambo ambalo mabinti zetu hawapewi nafasi nalo ya kutosha.

Wapo watakaosema hana wakati. Asubuhi moja tu ya likizo?

Kinachotakiwa ni fimbo, timazi ya mwashi ya kuhakikisha imesimama wima, na saa sahihi. Mwezi Julai huwa saa 6.27. Wavyele na watoto wa madrasa wakae kivulini, naye awe tayari kueleza kwa nini Chepkoilel, dakika hiyo hiyo, kivuli hakielekei kusini barabara bali huinama kidogo magharibi.