Hesabu Mabomba Kabla Hujatoa Mshiko

Kuna usiku mmoja nililala nusu. Saa nane za usiku simu inalia, nikajua tayari, msiba. Kumbe Kaka Side, mtoto wa mama mkubwa, yuko zake Texas mwaka wa 11 huu anabeba boksi.

"Mdogo wangu, nanunua sheli!"

"Hongera kaka. Sasa ndiyo uniamshe?"

"Watu wa bima wamenipa fomu. Duka hawajaliuliza, wanauliza matangi tu. Wewe si ulikaa bima?"

Kweli, kabla sijashika kalamu nilikaa kaunta ya bima miaka mitatu. Nikawasha taa, nikampa darasa. Nawe lisikie, maana siku moja utanunua kitu ambacho nusu yake imefukiwa.

Wengi tunadhani bima ya sheli ni moto. Moto unaonekana, bwana! Kinachowanyima watu wa bima usingizi ni tangi linalovuja kidogo kidogo chini ya lami, petroli inasafiri kimya mpaka kwenye kisima cha jirani, na hakuna aliyejua. Kusafisha udongo na maji yaliyo chini kunaweza kumeza thamani ya sheli yenyewe. Ndiyo maana huko Marekani, tangu 1986, bima ya kawaida ya biashara ilianza kuyatupa nje madai ya uchafuzi. Tangi likahitaji bima yake. Na kanuni za serikali za 1988 zinamtaka mwenye sheli aonyeshe kwamba ana pa kupata dola milioni 1 kwa tukio moja la kuvuja.

Sasa bei inapangwaje? Kila tangi linapimwa peke yake, kama wachumba wanaochunguzwa na shangazi. Kwanza, mwili wake. Chuma kitupu ndicho kimeo, kutu inakila. Kanuni zile ziliwapa wenye matangi ya aina hiyo mpaka Desemba 22, 1998 wayafunge, wayabadilishe au wayawekee kinga. Juu yake kuna chuma chenye kinga, yaani kimepakwa dawa na kinapitishiwa umeme mdogo wa kuzuia kutu. Kisha faibaglasi. Bingwa wao ni tangi la kuta mbili: ukuta wa ndani ukitoboka, wa nje unadaka, na kengele inalia. Matangi mapya kule yanatakiwa yawe hivyo tangu Aprili 2016.

Pili, umri. Tangi likizeeka bei inapanda, na likizeeka zaidi kampuni nyingine zinakataa kabisa. Tatu, utajuaje kama linavuja? Wanataka karatasi za vipimo, mwezi kwa mwezi. Nne, limebeba nini, ukubwa gani, mabomba yake ni ya aina gani, jirani kuna kisima? Tano, lilishawahi kuvuja?

"Mimi kwenye umri nimeandika sijui," akasema Kaka.

Ebo! Ukiandika sijui, unapangwa na wabaya au fomu inarudi.

Nikamtolea uvivu kwa mambo mawili. La kwanza, bima hizi zina tarehe ya kuanzia. Mafuta yaliyovuja kabla ya tarehe hiyo ni mzigo wako. La pili, bima inalipia tangi lililoandikwa kwenye orodha yake tu. Lisiloandikwa, bima hailijui.

"Muuzaji kakwambia yako mangapi?"

"Mawili."

"Kesho nenda nyuma ya duka. Utaona mabomba membamba yamesimama wima, ya kupumulia matangi. Yahesabu."

Kesho yake, saa nane ileile, simu. Safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Mdogo wangu, yako matatu."

Muuzaji alipoulizwa akacheka: lile la tatu ni la zamani, halitumiki, achana nalo. Kaka, ambaye tayari alishanunua suti ya ufunguzi, akataka kuachana nalo kweli. Shemeji ndiye aliyegoma. Akasema hiyo akiba ni ya usiku wake pia, hakuna kusaini mpaka udongo upimwe. Muuzaji akanuna, wao wakalipa fundi wakachimba.

Fundi hakuhitaji maabara kujua. Udongo ulinuka petroli toka chini ya mita moja. Majibu ya maabara yalipokuja, yalithibitisha tu kile pua ilichosema.

Kaka Side hakununua. Pesa ya fundi imekwenda, suti imening'inia kabatini, na mwenyewe bado anabeba boksi usiku. Aliponipigia alikuwa na hasira, si na mimi, ila na ile miaka 11. Nikamwambia miaka hiyo bado iko benki, kaka. Ingekuwa imeshafukiwa pale na lile tangi.

Kwa hiyo msomaji wangu, awe anakuuzia sheli, nyumba ya mkono wa pili au gari la mtu, akikwambia "hilo achana nalo", hapohapo ndipo pa kuchimba. Tuonane wiki ijayo, na tafadhali, msinipigie saa nane.