Mfanyabiashara wa mpakani anunue tairi kwanza, nembo baadaye

Kwenye yadi za magari za Mombasa na Dar es Salaam, mfanyabiashara aliyechoka na Probox na sasa anataka gari kubwa hukutana na mtihani uleule. Mbele yake zimeegeshwa Prado mbili, za mwaka mmoja, rangi moja, injini moja. Moja ina rimu kubwa zinazong'aa, bampa iliyoshushwa na mapambo ya plastiki ubavuni. Nyingine ina rimu ndogo, matairi mazito na viti vya kitambaa. Ya kwanza ina bei kubwa zaidi, na mara nyingi ndiyo inayotoka kwanza yadini.

Kwa mtu ambaye riziki yake iko ng'ambo ya mpaka, huko ni kulipa zaidi ili apate pungufu.

Jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi. Prado ya 150, toleo la TX, kwa kawaida huvaa tairi la 265/65R17. Toleo la juu la TZ-G, tangu sura yake ilipobadilishwa mwaka 2017, huvaa 265/55R19. Upana ni uleule. Kimo cha gurudumu zima nacho ni karibu kilekile, kama sentimita 77, kwa hiyo anayedhani rimu kubwa zinainua gari anajidanganya. Kinachobadilika ni unene wa mpira kati ya chuma na barabara. Kwenye TX mpira huo una kimo cha milimita 172. Kwenye TZ-G ni milimita 146.

Milimita 26 ni kitu kidogo mtu akiwa yadini. Njiani ndizo zinazopokea jiwe lenye ncha na ukingo wa shimo kabla havijafika kwenye rimu. Mpira mfupi ukigonga ukingo wa lami iliyomeguka, hubanwa kati ya barabara na chuma, nyuzi za ndani hukatika na ubavu huota nundu. Tairi lenye nundu halizibwi pancha, linatupwa. Na mpira mrefu una faida nyingine ambayo madereva wa porini wanaijua: unaweza kupunguzwa upepo kwenye mchanga au tope, ukatandazika na kushika ardhi. Mwenye tairi fupi hana upepo mwingi wa kupunguza.

Kisha lipo suala la kulipata tairi lenyewe. Saizi ya 265/65R17 ndiyo inayovaliwa na Hilux nyingi za ukanda huu. Tairi likipasuka jioni Kibondo au Karatu, mwenye duka atakuwa nalo, au atamjua mwenye nalo. Mwenye rimu za inchi 19 atalala hapo, apige simu mji mkubwa na kusubiri basi la kesho lilete tairi. Bei ya tairi hilo ni nusu tu ya hasara. Nusu nyingine ni mzigo uliokuwa unamsubiri, na mnunuzi aliyekwenda kwa mwingine.

Wapo watakaosema haya yamepitwa na wakati, kwamba siku hizi lami imefika kila mpaka. Ni kweli kwamba Namanga, Sirari, Mutukula na Tunduma zote zinafikika kwa lami. Lakini vitunguu havilimwi Namanga. Mnunuzi kutoka Kenya anayefuata vitunguu vya Mang'ola huacha lami Karatu, akateremka bonde la Ziwa Eyasi kwenye mawe na vumbi, na mvua ikinyesha ni tope. Anayefuata maharage ya Kigoma huingia vijiji vya kuelekea mpaka wa Burundi. Mwenye wateja Bukavu anakijua kilima cha Ngomo wakati wa masika. Biashara ya mpakani huanzia shambani, na shamba haliko kando ya ofisi ya forodha.

Hata kwenye lami yenyewe, hilo umbo la kimbio linamsaidia nini? Ndani ya vijiji vya Tanzania mwendo ni kilomita 50 kwa saa, matuta yamepangwa kama shanga, na askari mwenye tochi amekaa chini ya mwembe. Bampa iliyoshushwa hukwaruza tuta la kwanza tu. Likifika tuta la kumi, plastiki imeshafungwa kwa waya.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: jina lililobandikwa nyuma ya gari si kipimo. Mfano mzuri ni Land Cruiser 300, iliyotoka mwaka 2021. Lipo toleo linaloitwa GR Sport. Anayesikia neno hilo anafikiri ndilo la mjini, na kwamba ZX, lenye ngozi na nakshi, ndilo la safari. Ukweli ni kinyume. Kwa magari ya soko la Japani, GR Sport ndilo lenye rimu za inchi 18 na loki za difu mbele na nyuma, wakati ZX huvaa rimu za inchi 20. Sport ya hapo ni ile ya mbio za jangwani, za Dakar, si ya barabara kuu. Lakini nembo hiyohiyo ikibandikwa kwenye Corolla, haiongezi chochote cha kuvukia tope. Kwa hiyo mnunuzi aache kusoma nembo, ainame asome tairi, kisha aingie ndani atafute kitufe cha loki ya difu. Kama hakipo, matairi ya mikato mikubwa na pua ndefu ya kuvutia hewa kando ya kioo ni vazi tu, na pua nyingine hata hazijaunganishwa na injini.

Lakini toleo la porini lisipambwe kupita kiasi. Kadiri vifaa vinavyoongezeka, ndivyo vya kuharibika vinavyoongezeka. Prado zilizofungwa mfumo wa KDSS, ule unaokaza na kulegeza vyuma vya kuzuia gari kulala kwenye kona, zinajulikana gereji kwa kuanza kuinamia upande mmoja zinapozeeka, na si kila fundi wa wilayani anaweza kuzinyoosha. Matairi ya matope nayo hupiga kelele kwenye lami, hula mafuta na hayashiki breki vizuri kwenye lami iliyolowa. Mfanyabiashara wa vitenge ambaye njia yake yote ni lami, kutoka Kariakoo hadi Lubumbashi, hana haja ya loki ya difu ya mbele. Anachohitaji ni lile toleo la kawaida ambalo wauzaji hawalisifu: rimu ndogo, viti vya kitambaa, tairi la akiba la saizi kamili. Fedha inayobaki anunulie bidhaa.

Inabaki hoja ya heshima. Husemwa kwamba gari linalong'aa humfungulia mtu milango ya benki na kwa wauzaji wakubwa. Huenda benki. Ila mkulima wa Mang'ola akiona rimu za inchi 20 zinasimama mbele ya ghala lake, bei ya gunia hupanda kabla mlango wa gari haujafunguliwa.

Anayefikiria kuliuza baadaye ng'ambo aangalie na usukani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na Rwanda hairuhusu gari dogo lenye usukani wa kulia kusajiliwa. Prado ya Japani iliyopambwa kwa mamilioni Dar es Salaam haina soko Kigali, hata ing'ae vipi.

Na kabla ya kulipa, mnunuzi alale chini kwenye kipande cha boksi achungulie nyuma, chini ya bodi, tairi la akiba linaponing'inia. Kama gari lina rimu za inchi 19 na la akiba ni la inchi 17, huenda aliyeuza alibadilisha manne ya kuonekana akaliacha moja la kweli. Hapo amwombe muuzaji amrudishie manne ya awali, na kama hayapo, bei ishuke kwa thamani yake.